Fort Worth hadi Bakersfield na tela nyuma: majimbo manne, sheria nne

Alhamisi, Fort Worth, Texas

Shemeji amepata kazi Bakersfield, California. Mkewe na watoto wameshatangulia kwa ndege, vimebaki vyombo vya nyumba. Hapa Marekani mwenye kubana matumizi huhama mwenyewe: anafunga tela nyuma ya pikapu na kushika barabara. Nimejitolea pikapu yangu na likizo yangu. Nitaandika kila jioni, kwa sababu wenzetu wengi wanahama jimbo hadi jimbo kila mwaka wakidhani sheria ya tela ni moja nchi nzima. Kila jimbo lina yake, na ukivuka mpaka unakuwa chini ya sheria ya wenyeji hata kama namba za tela ni za kwenu.

Tulianza na ubishi. Shemeji alikuwa na tela dogo la ekseli moja, la kubebea mashine ya kukatia majani, na alitaka tuende nalo. Nikamwonyesha kibati kilichopigwa karibu na shingo ya tela. Kimeandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa, tela pamoja na mzigo wake: paundi 2,990. Namba hiyo imechaguliwa kwa makusudi. Majimbo mengi yanadai tela liwe na breki zake lenyewe likifika paundi 3,000, karibu kilo 1,360. Kiwanda kikiandika 2,990 kinaweza kuuza tela bila breki, na bei inashuka.

Texas haidai breki mpaka tela lizidi paundi 4,500. New Mexico na Arizona wanaanzia 3,000. California nao wanaanzia 3,000 kwa tela la mizigo; ile namba yao ndogo ya 1,500, yaani kilo 680 tu, ni ya tela la kulala safarini. Kwa hiyo tela lisilo na breki, lenye paundi 3,500 pamoja na mzigo, sheria ya breki hailigusi hapa Fort Worth, lakini ni kosa likishavuka mpaka kuingia New Mexico. Na vyombo vya nyumba nzima vingelifikisha lile dogo huko, na kukipita kibati chake.

"Sasa shem, nani atanisimamisha anipime?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba mimi simwogopi wa kunipima. Naogopa mteremko wa milima ya Tehachapi, kabla ya kufika Bakersfield, ambako pikapu inashuka huku inasukumwa kwa nyuma na zaidi ya tani moja isiyojua kusimama.  Tena njia nzima baada ya Texas inadai breki kuanzia 3,000, basi sheria hiyo ndiyo ya kufuata tangu hapa tunapopakia.

Akakubali. Amelinunua tela lingine la mtumba, la boksi, ekseli mbili, uzito wa juu paundi 7,000, breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Lile dogo limebaki kwa jirani pamoja na vyungu vya mchaichai vya mkewe. Habari za mchaichai nitazirudia tukifika mpaka wa California.

Jioni tumelikagua. Tangu Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari yasiyo ya biashara, hivyo fundi wa kukuambia kwamba taa imekufa hayupo tena. Ni wewe na tochi yako. Tulianza na matairi. Tairi la tela huandikwa ST ubavuni, na mwisho wa ile namba ndefu inayoanza na DOT kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mawili yalikuwa na kashata nzuri kabisa, machoni mapya, lakini yamesoma 2214: wiki ya 22 ya mwaka 2014. Tela hukaa juani miaka na miaka bila kutembea, mpira unakauka kwa ndani huku kashata haijaliwa. Tumeyatupa, tumeweka mapya, na ya akiba juu yake. Upepo tumejaza mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni, maana tairi la tela lenye upepo pungufu huchemka na kupasuka.

Ijumaa, bado Fort Worth

Siku nzima ya kupakia, na nusu ya siku imekwenda mizanini. Sijutii hata dakika moja.

Wengi wanajua uzito wa jumla ni muhimu. Uzito wa shingo hawaufikirii, yaani ule unaokandamiza tufe la chuma kwenye mkia wa pikapu. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Ukipungua, tela linaanza kupunga mkia barabarani. Ukizidi, pikapu inakaa kitako, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii vizuri. Siri yote ni wapi umeweka vitu vizito.

Vijana waliokuja kumsaidia Shemeji asubuhi walipakia kwa mazoea: magodoro na masofa mbele, vizito mwisho, karibu na mlango, ili vitoke upesi. Tukaenda kwenye kituo cha malori chenye mizani ya kulipia. Mizani hiyo ina sahani kadhaa za chuma zilizofuatana: magurudumu ya mbele ya pikapu yanakaa sahani moja, ya nyuma nyingine, tela sahani nyingine, na unapewa karatasi yenye uzito wa kila sehemu. Tulipima pikapu peke yake kwanza, tela tumeliegesha pembeni: paundi 5,620. Tukafunga tela, tukarudi. Ekseli za pikapu sasa zilisoma 6,000, za tela 5,080. Hesabu yake ni nyepesi. Pikapu imeongezeka 380, huo ndio uzito wa shingo. Ukijumlisha 380 na 5,080 unapata tela zima, 5,460. Asilimia saba tu.

Shemeji aliitazama ile karatasi muda mrefu. Tukarudi nyumbani, tukashusha nusu ya mzigo jua la saa nane likiwa kichwani. Mashine ya kufulia, masanduku ya vitabu na kasha la vyuma vya kufanyia kazi tukavisogeza mbele kidogo ya ekseli, friji juu ya ekseli penyewe, magodoro na viti vikaenda nyuma. Kila kitu tumekifunga kwa mikanda ya kukaza kwenye pete za sakafuni, maana mzigo ukihama njiani hesabu nayo inahama. Mizani ya pili: pikapu 6,280, tela 4,800. Shingo paundi 660, asilimia 12. Mzigo ni ule ule, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Kuna kibandiko kingine ambacho watu hawakisomi, kile cha kwenye kiungio chenyewe chini ya bampa. Changu kinasema paundi 5,000 kwa tela na 500 kwa shingo, na zaidi ya hapo lazima utumie kiungio chenye vyuma viwili vya kugawa uzito, vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele. Mizanini tulikuwa hatujavikaza ili tupate namba ya kweli ya shingo, kisha ndipo tukavikaza. Gari linaweza kuwa na nguvu ya kuvuta paundi 9,000 na bado kiungio kikawa cha 5,000. Uwezo wako ni wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Usiku, kufunga. Tufe lenyewe lina saizi: inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Tela hili linataka ile kubwa. Kikombe cha tela la inchi 2 na 5/16 hukaa juu ya tufe la inchi 2 bila shida ukilitazama, na litakwenda hivyo hivyo mpaka kwenye tuta la kwanza. Soma namba iliyochongwa juu ya tufe na ile ya kwenye kikombe, kisha ukishafunga ingiza jeki na uinue shingo. Mkia wa pikapu ukipanda pamoja nayo, imeshika.

Minyororo miwili ya usalama tumeipitisha chini ya shingo kwa kukatishana, wa kushoto unaenda ndoano ya kulia na wa kulia ya kushoto. Shingo ikichomoka inaangukia juu ya msalaba ule badala ya kuchimba lami. Kisha ule waya mwembamba unaoshika pini ya breki ya dharura. Tela likikatika kabisa, waya unachomoa pini, na betri ndogo iliyo shingoni inafunga breki zenyewe. Kanuni za shirikisho kwa magari ya biashara zinataka breki hizo zishike angalau dakika 15. California wanadai kifaa hiki kuanzia paundi 3,000. Waya huo hufungwa kwenye chasi ya pikapu, kamwe usiufunge kwenye minyororo, maana lengo ni uvutwe pale minyororo inapokuwa imeshindwa. Tulichomoa pini kwa mkono na kujaribu kuondoka: magurudumu manne hayakuzunguka. Vizuri.

Jumamosi, Fort Worth hadi Amarillo

Tumeondoka alfajiri. Kwenye uwanja mtupu wa duka moja nilirekebisha kwanza kijisanduku cha breki za tela, kile kilicho chini ya usukani. Unatembea maili 20 au 25 kwa saa, unabana kile kitasa chake kwa mkono bila kugusa pedali. Tela linatakiwa livute pikapu nyuma kwa heshima. Magurudumu yakijifunga, punguza umeme, yasipovuta, ongeza.

Barabara ya 287 inapanda kaskazini-magharibi kupitia Decatur na Bowie. Bowie tulisimama kukaza nati za magurudumu upya, kwani tairi likishafunguliwa, nati hulegea katika maili 50 za mwanzo. Mbili zilikubali robo mzunguko. Nilipitisha kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Kitovu cha kuunguza mkono maana yake beringi haina grisi au breki imeng'ang'ania, na hapo hutoki mpaka ufungue.

Kibao kinaruhusu maili 75. Sisi tumekwenda 60 na kidogo. Matairi mengi ya tela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65, na sheria ya Texas kukuruhusu 75 haibadilishi kilichoandikwa kwenye mpira.

Baada ya Childress upepo wa Aprili ulianza. Ukanda huu hauna mti wala kilima, na upepo wa ubavuni hapa ni kitu cha kila siku. Lori kubwa likatupita kushoto. Kwanza hewa yake ilitusukuma kando, lilipomaliza ikatuvuta, na nikasikia mkia wa tela ukicheza mara mbili.

"Shem! Linatupa huko nyuma!"

Mguu wote wa dereva unataka kukanyaga breki. Usikanyage. Ukibana breki za pikapu wakati tela linayumba, tela linaendelea kusukuma na gari linajikunja katikati. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka bila kufukuzana na mkia, na bana kile kitasa cha breki za tela peke yake, taratibu. Tela lilinyooka. Kwa asilimia saba ya jana asubuhi sidhani kama lingenyooka upesi hivyo. Tulipunguza hadi maili 55 mpaka Clarendon, tukakagua kila kitu, hakuna kilichosogea.

Amarillo tumelala mapema. Pikapu na tela tumeegesha kwa kuunganisha nafasi za mwisho wa uwanja, na kufuli kwenye kikombe.

Jumapili, Amarillo hadi Albuquerque

Barabara kuu ya I-40, moja kwa moja magharibi. Mpakani pa New Mexico saa inarudi nyuma moja, na sheria inahama kutoka paundi 4,500 kwenda 3,000. Hakuna kibao kinachokwambia hilo. Kibao ni cha kukukaribisha tu.

Tucumcari, kwenye sheli, tumekutana na kijana wa Goma. Amefunga tela refu la wazi lenye magari mawili yaliyogongwa, anayapeleka Phoenix. Alitusikia tunazungumza akaja mbio.

"Mukubwa, hii remorki yenu iko na mafreni?"

Nikamwonyesha. Tukakaa kivulini karibu saa nzima, kwa sababu alichokuwa anauliza ni kizito, na nadhani vijana wengi wanaoingia kazi hii ya kubeba magari wanahitaji kukisikia. Shemeji na mimi pamoja na tela tuna paundi zaidi ya 11,000, lakini mizigo ni yetu, hatulipwi na mtu. Yeye analipwa, na anavuka majimbo. Ukilipwa kubeba mzigo kutoka jimbo hadi jimbo na uwezo ulioandikwa wa gari na tela kwa pamoja ukafika paundi 10,001, unahesabiwa gari la biashara: unatakiwa namba ya USDOT, yaani ya usajili wa serikali kuu, mlangoni, cheti cha afya cha dereva, hesabu ya saa za kuendesha, na bima ya biashara. Leseni ya kawaida inaweza kukutosha na bado ukawa na makosa manne. Uwezo huo ukifika 26,001 na tela lenyewe likiwa la zaidi ya 10,000, hapo leseni nayo inabadilika, ni lazima CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, ya daraja A.

Namba ya USDOT anayo. Cheti cha afya alikuwa hajui. Aliyempa kazi alimwambia mradi hajafika 26,001 yuko huru. Nilimwomba afungue tovuti ya wakala wa shirikisho wa usalama wa magari ya biashara asome mwenyewe kabla ya kukutana na mizani inayofuata. Faini na gari kushikiliwa vitamwangukia yeye aliye kwenye usukani, na ana mama na wadogo zake anaowatumia fedha.

Kabla hajaondoka tukazunguka tela lake. Gari zito alikuwa amelipandisha nyuma kabisa. Nilimweleza ya mizani yetu ya Ijumaa, akacheka, akasema sasa anaelewa kwa nini mkia ulimpeleka vibaya tangu Oklahoma. Akageuza mpangilio wa magari pale pale, nasi tukamsaidia kuyafunga.

Kushuka korongo la Tijeras kuingia Albuquerque kulikuwa kwepesi. Gia chini, breki kidogo.

Jumatatu, Albuquerque hadi Flagstaff

Njia ndefu ya kupanda taratibu. Tumevuka mgawanyiko wa maji wa bara, mahali ambapo mvua ya upande mmoja inaelekea Atlantiki na ya upande wa pili Pasifiki, zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari. Petroli ilikwisha upesi kuliko siku zote.

Baada ya Holbrook, Arizona, mbele yetu ukasimama ukuta wa vumbi. Idara ya barabara ya Arizona ina utaratibu wake kwa hali hii, na unapingana na silika ya dereva: toka nje ya barabara kadiri uwezavyo, zima taa zote, hata zile za dharura zinazomwekamweka, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye pedali ya breki, baki na mkanda. Sababu ni kwamba asiyeona kitu hufuata taa nyekundu za mbele akidhani ndiyo barabara, akaja kukupanda. Sisi wenye tela tuna jambo la ziada, mkia wetu unaishia mbali kuliko tunavyodhani. Nilitoka kwenye njia ya kutokea, nikaingia ndani mpaka tela zima likawa limeondoka kwenye lami. Shemeji alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Vumbi lilipita, tukaendelea, Winslow tukasafisha taa na kioo.

Flagstaff ni baridi, misonobari kila upande.

Jumanne, Flagstaff hadi Barstow

Magharibi ya Williams barabara inaporomoka kuelekea Ash Fork. Wanaoijua Kitonga kule Iringa hawahitaji kufundishwa: gia unayoshukia ndiyo unayoichagua ukiwa bado juu. Nilibonyeza kitufe cha kuvutia mzigo, gari likashika gia ya chini, injini ikanguruma na kuzuia. Breki nikazikanyaga kwa vipindi, kwa nguvu kidogo kisha kuachia, zipate kupoa. Aliyeshuka ameziegemea mfululizo atafika chini zinanuka, na zikinuka zimeshaacha kushika.

Mchana tukavuka mto Colorado pale Topock. Needles kuna kituo cha ukaguzi wa kilimo cha California, magari yote yanapita hapo. Ofisa alituuliza tunatoka wapi, tuna matunda, mimea, kuni? Wanalinda mashamba yao dhidi ya wadudu na magonjwa ya mimea, na tela la kuhama wanalitazama kwa makini. Aliomba tufungue mlango, akamulika tochi, akaturuhusu. Shemeji alinigeukia: "Mchaichai ungetuweka hapa." Naam, ndiyo maana vyungu vilibaki Fort Worth.

Kuanzia hapo sheria inabana kweli kweli. Kibao kinasema magari madogo maili 70. Gari lolote linalovuta tela, hata pikapu, hata kitela cha baiskeli, mwisho ni 55. Na leni ni ya kulia. Penye leni nne au zaidi kuelekea upande mmoja, unaruhusiwa pia ile ya pili kutoka kulia. Watu wametupita kwa hasira jangwani humo kutwa. Waache wapite. Huku pia hairuhusiwi mtu kupanda ndani ya tela la mizigo likitembea, na leseni ya kawaida, daraja C, inaishia kwenye tela la uwezo wa paundi 10,000.

Kabla ya Ludlow nilisimama kukagua minyororo upya, na hapa nitasema kwa nini naing'ang'ania. Julai 2018, karibu na Redding kaskazini mwa jimbo hili, tairi la tela lilipasuka. Rimu ikakwaruza lami, cheche zikaruka kwenye majani makavu pembeni. Ndio moto mkubwa wa nyika ulioitwa Carr Fire. Uliteketeza zaidi ya ekari 229,000, nyumba zaidi ya elfu moja, na watu wanane walikufa, wazimamoto wakiwemo. Mnyororo mrefu unaoburuta hutoa cheche zile zile. Wetu unaning'inia kiasi cha kuruhusu kona, haugusi chini. Kizima moto tunacho mlangoni, si nyuma ya magodoro.

Jumatano, Barstow hadi Bakersfield

Barabara ya 58, kupitia Mojave, kisha kupanda Tehachapi kati ya milingoti ya mitambo ya upepo. Kileleni niliegesha, nikapapasa vitovu vyote, nikasubiri dakika chache. Halafu tukashuka.

Mteremko huu ndio ulioleta ubishi wa Alhamisi. Malori yanakwenda polepole kulia, taa zinawaka, na sisi tumejipanga nyuma yao kwa umbali wa kutosha, maana gari lenye tela linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Kwenye kona moja lori la mbele lilipunguza ghafla. Nilikanyaga, breki zote nane zikashika pamoja, pikapu na tela vikasimama katika mstari mmoja bila kutikisika. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Na lile dogo, shem?" Sikumjibu. Alikuwa anaitazama ile kona na lile korongo chini yake.

Saa tisa tuko Bakersfield. Watoto walikuwa barazani.

Alhamisi, Bakersfield

Asubuhi tumeshusha mzigo. Hakuna sahani iliyovunjika, mikanda ilikuwa imekaza vile vile.

Mchana tumekwenda ofisi ya DMV, idara ya magari ya jimbo, kuuliza, kwa sababu hapa saa inahesabu tangu unapokuwa mkazi: siku 10 kubadilisha leseni ya udereva, siku 20 kusajili magari, tela likiwemo. Tela kutoka nje ya jimbo lazima likaguliwe namba yake ya chasi ana kwa ana. Likishasajiliwa hupewa namba ya kudumu, ile ya PTI, ambayo haibadilishwi kila mwaka. Kuna ada ya huduma tu baada ya kila miaka mitano. Shemeji alikuwa na hati ya umiliki ya Texas mkononi, kwani Texas hutaka hati kwa tela la zaidi ya paundi 4,000. Foleni ilikuwa ndefu, akapewa miadi ya Jumatatu.

Jioni amenunua kifaa cha kupima upepo na bomba la grisi. Mwenye nyumba wake ameshamwomba amsaidie kuhamisha trekta dogo wiki ijayo, na Shemeji, kabla ya kukubali, amemuuliza trekta hilo lina uzito gani.